Jina la Maman Fortunée

Kwa maneno ya Maman Mujinga wa ghorofa ya pili, mambo yalikwenda hivi. Jumatano asubuhi alipanda ngazi kumrudishia Sephora sufuria aliyoazima. Akakuta mlango haukubanwa vizuri. Akausukuma kidogo, kwa adabu, kama mtu asiyependa kuingilia nyumba za watu, akachungulia ndani. Sephora, mzazi wa wiki tano, ameketishwa chini, uso umeelekea ukutani, kama mtoto wa primaire aliyeshindwa kusoma ubaoni. Hageuki, hasemi. Mtoto kalazwa kwenye blanketi pembeni, analia kidogo kidogo, na mama yake hamtazami. Nyuma yao kasimama Hervé, mume wake, na fimbo mkononi.

"Fimbo ya chuma, maman!" Maman Mujinga alisema kwenye simu, hata pumzi hajaikamata. "Niliona na macho yangu mbili. Bwana anamupa bibi yake punition, azabu ya batoto, mu nyumba yake mwenyewe. Hapa Laeken! Ku Bulaya!"

Simu hiyo aliipiga Jette, mtaa wa jirani, kwa Maman Fortunée, mama yake Sephora. Sufuria alishuka nayo tena.

Habari ilifika wakati mbaya. Jumapili iliyofuata watu walikuwa wamealikwa nyumbani kwa Sephora, na mgeni mkubwa alikuwa Maman Fortunée mwenyewe. Kwenye karatasi za komini, ofisi ya serikali ya mtaa, mtoto aliitwa Océane, lakini jina la kurithi lilikuwa bado. Baba yake Maman Fortunée alikuwa Myahudi wa kisiwa cha Rhodes, mwenye duka la vitambaa Lubumbashi, na kwa watu wa kisiwa kile mjukuu wa kike wa kwanza huchukua jina la nyanya yake angali hai. Mtoto hupitishwa mikononi mwa wanawake wa nyumba, mmoja baada ya mwingine, mpaka afike magotini mwa nyanya, na hapo jina hutamkwa. Kwa upande wa Hervé mama yake alikwisha kufa, na jina lake lilikuwa limeshachukuliwa na binti wa kaka yake. Zamu ilikuwa ya Fortunée. Alikuwa ameshashona gauni.

*

Alhamisi Maman Fortunée aligonga kabla ya saa moja na nusu asubuhi. Mkononi alishika mfuko mkubwa wa mistari, mtupu, na nyuma yake, ngazi mbili chini, alisimama Maman Mujinga amekumbatia sufuria.

Hakuketi. Aliufungua mfuko katikati ya sebule, zipu ikalia.

"Sephora, weka bintu yako. Ya mutoto mbele."

Hervé alikuwa amevaa unifomu yake ya tramu, tayari kwenda depo. Alikuwa mtu mrefu, na mbele ya mama mkwe wake urefu huo ulimsumbua; hakujua auweke wapi.

"Maman, bonjour. Kuna nini?"

"Hervé, mutoto yangu. Ulipokuya kumuomba Sephora, nilikukatalia?"

"Apana, maman."

"Nilikuuliza we ni wa dini gani?"

"Apana, maman."

"Alors, mbona unamuweka ku ukuta na unamusimamia na fimbo?"

Hervé akatazama ukuta. Akatazama mikono yake. Kisha akaenda dirishani, akaonyesha bomba jipya la pazia alilokuwa amelifunga jana yake kwa ajili ya wageni wa Jumapili.

"Fimbo njo hii, maman. Nilikuwa minatafuta kuifunga."

Sephora akacheka. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, maana mama yake alikuwa amepanda tramu ya kwanza na moyo mkononi, na mtu wa namna hiyo hachekwi.

"Unacheka nini?"

"Pardon, maman. Haiko punition. Ni shiye benyewe tunaikalaka vile. Mi na Hervé, asubuhi, mbele ya kazi. Dakika trente, nusu saa."

"Munaikala tu?"

"Tunaikala tu."

"Munaangalia ukuta."

"Ndiyo."

"Ukuta inabaonyesha nini?"

"Hakuna kitu, maman."

"Munangojea nani?"

"Hakuna muntu."

Mlangoni Maman Mujinga akagonga sufuria kwa vidole. "Yésu! Afazali punition!"

Hata Maman Fortunée mdomo ulimcheza. Akaufunga mfuko. Akauliza kama mtoto aliyekuwa analia aliachwa tu alie, na Sephora akamjibu kwamba akilia kwa njaa anasimama mara moja, lakini akilia kwa kuzungumza anamwacha azungumze. Jibu hilo bibi alilipima, akaliona lina akili. Akavua koti. Akaomba chai. Kisha akasema, "Bon, niletee mutoto. Ao acha, naenda kumutwaa mi mwenyewe," akaingia chumbani.

Hervé akapumua. Sephora hakupumua, kwa sababu yeye alikumbuka kilichokuwa chumbani.

Maman Fortunée alitoka bila mtoto.

"Karibu ya kitanda ya mutoto kuko muntu wa jiwe," alisema polepole. "Amenyolewa kichwa. Amefunga macho. Amevaa bavette nyekundu ya mutoto ku shingo, na mbele yake kuko kikombe ya maji. Mi siko kipofu wala siko na wazimu. Niambie ni nini."

"Maman, nitakuelezea."

"Ni sanamu?"

Sephora hakuwa mtu wa kudanganya. "Ni sanamu. Lakini hatuiombe kitu. Si Mungu."

"Munaipa maji."

"Tunaipa maji."

Maman Fortunée akachukua koti lake. Hervé alipokuja kumsaidia kulivaa, alimzuia kwa kiganja, bila ukali.

"Baba yangu hakunipeleka mu sinagogi hata siku moja. Mama yangu alikuwa mweusi wa nyuma ya duka. Nilikuya hapa, nilienda mwenyewe kwa ba rabi, na miaka yangu quarante, nikajifunza trois ans kama mutoto mudogo. Wewe ulikuwa na miaka saba, tuliingia pamoja mu maji ya kuwa Bayahudi, unakumbuka. Na mpaka leo ku mulango ya sinagogi wananiuliza, madame, unatafuta nani? Minajibu, minatafuta kiti yangu. Vingt ans, miaka makumi mbili, minajibu vile." Sauti haikupanda hata kidogo. "Jina niliipata kwa nguvu, Sephora. Haiwezi kulala chumba moja na sanamu. Dimanche, siku ya jina, musiningojee."

Maman Mujinga akampisha kwenye ngazi. Aliiweka sufuria chini, kwenye zulia la mlango, akamfuata.

*

Jioni ile ile, alipotoka kazini, Hervé alifanya alichodhani ndicho mume mwema angefanya. Sephora akiwa jikoni anachemsha chupa, aliingia chumbani, akaizungushia ile sanamu sweta yake mwenyewe isije ikakwaruzika, akaishusha kwenye cave, stoo ya chini ya jengo ambako kila nyumba ina kichumba chake cha mbao. Akapanda tena, akanawa, akaketi mezani. Alitarajia labda kushukuriwa.

Sephora aliona mahali pa sanamu pamebaki duara safi juu ya kabati.

"Iko wapi?"

"Iko chini. Nimeifunga vizuri."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Nilifanya juu yako, chérie. Juu ya maman yako. Ni jiwe, Sephora. Kwa dojo, kule tunaikalaka na bengine, banatufundisha nini? Tusishikilie kitu."

"Ni jiwe," Sephora alisema. "Na siku tuliyoileta ulilia mpaka ukashindwa kupandisha ngazi. Ulilia jiwe?"

Hervé akaweka kijiko chini.

"Kama ni kuachilia, nitaachilia mi mwenyewe. Si we utaniachilishia. Maman hakuniuliza, we hukuniuliza. Wote munanipenda, ndiyo, nayua. Lakini hakuna mwenye aliniuliza."

Hervé alisukuma sahani pembeni. Alikuwa na tabia moja nzuri, kwamba akikosa alionekana amekosa, hakutafuta pa kujificha. "Minakuomba pardon," alisema. "Niipandishe?"

"Bado."

Sephora alimfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akachukua ufunguo, akashuka peke yake. Katika kile kichumba kulikuwa na matairi ya baridi, masanduku ya vitabu vya mwenye nyumba wa zamani, baiskeli isiyo na gurudumu. Sweta ilikuwa imewekwa juu kabisa, mahali pakavu. Akaifungua. Uso wa jiwe ulikuwa kama uso wa mtoto aliyeshiba na kulala.

Miaka miwili iliyopita Sephora alikuwa na mimba ya miezi mitano. Ilitoka Jumanne, saa nane mchana. Mkunga alimfunga yule mtoto kwenye taulo la manjano, akamweka mikononi mwa mama yake kwa saa moja. Baada ya hapo watu wote walikuwa wema. Mama yake alimwambia Mungu atakupa mwingine, akampikia uji, akabadilisha mazungumzo. Rabi, mzee mpole, alimshika bega akamweleza kwamba mtoto asiyetimiza siku thelathini hawekewi matanga, wala hasomewi ile sala ya wafu. Akasema anasikitika, na uso wake ulionyesha kweli anasikitika. Sephora akatoka pale, akasimama barabarani na huzuni yake kama mtu aliyeshika mzigo ambao kila ofisi imemwambia si hapa.

Hervé ndiye aliyemchukua. Alikuwa akienda miaka mingi kwenye dojo ya Wabudha wa Zen, chumba cha juu karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord, ambako watu huvaa nguo nyeusi na kukaa kimya juu ya mito ya mviringo. Tangu wafahamiane hakuwahi kumwambia twende. Siku ile alimwambia. Mtawa wa pale, mama wa Kibelgiji aliyenyoa kichwa, hakumwambia neno la kumpoza. Alimuuliza tu, "Alikuwa na jina?" Sephora akajibu hapana. Ndipo yule mama akamweleza kwamba kwa Wajapani, alikojifunza yeye, watoto ambao hawakufika wana mlinzi wao, mtawa mdogo wa jiwe, na kwamba mama humshonea mlinzi huyo bavette, kitambaa cha kifuani cha mtoto mchanga, kana kwamba anamfunga mtoto wake.

Sephora alipangusa vumbi lililokuwa limeshuka kwenye kitambaa chekundu. Océane alikuwa amelala, pumzi yake ikimpasha joto shingoni. Alitamani kuibeba sanamu aipandishe saa ile ile. Hakuibeba. Aliona kwamba akiipandisha kabla ya kusema na mama yake itakuwa kama wizi, na akiiacha bila kusema itakuwa kama wizi pia, lakini wa namna nyingine.

Akapanda, akamwambia Hervé, "Kesho naenda Jette. Nitalala kule."

"Na kwa sabato? Nani atawasha mishumaa hapa?"

"We unayua pa kuweka mishumaa."

"Pa kuweka nayua," alisema Hervé. "Maneno yake njo sikamate."

*

Ijumaa mchana jiko la Maman Fortunée lilinuka vitunguu na jibini. Mayai yalikuwa kwenye moto tangu asubuhi, yanachemka taratibu ndani ya maganda ya vitunguu mpaka yawe rangi ya kahawa, kama walivyopika kwa baba yake. Mezani alikuwa anakunja bureka, vile vipande vya unga wa kukunja na kujaza, nusu akizitia jibini, nusu akizitia sombe, majani ya muhogo, kama walivyopika kwa mama yake. Hakushangaa kumwona Sephora. Alimpokea mtoto, akamnusa kichwa, akamrudisha, akanawa mikono.

"Ulikula?"

"Nilikula."

"Ikala. Kunja izo za sombe. Usijaze sana, zinapasukaka."

Wakakunja. Tramu ikapita chini ya dirisha.

"Iko wapi?" bibi aliuliza bila kuinua macho.

"Iko ku cave."

"We njo uliipeleka?"

"Ni Hervé."

"Na we unataka irudi."

"Minataka irudi, maman."

Maman Fortunée alibana ukingo wa bureka kwa uma, alama moja baada ya nyingine. "Angalau hudanganye," alisema. "Niambie basi. Uko Muyahudi, ao uko wa dini ya ile jiwe?"

"Miko mutoto yako."

"Hiyo si jibu."

Sephora alifikiri. Hakuwa na maneno makubwa; hata kwenye dojo wengine wakizungumza yeye alikuwa mtu wa kusikiliza na kukunja nguo. "Unakumbuka, mimba ilipotoka, nilibaki miezi mingi bila kuya hapa vendredi, ya sabato?"

"Ulikuwa umechoka."

"Sikuchoka. Nilikuwa siwashe mishumaa. Siwashe kwako, siwashe kwangu. Nilikuwa nikishika kibiriti mukono inakataa. Nilikuwa na hasira na Mungu, maman, na we hukupenda kusikia. Njo Hervé akanipeleka kule, nikaikala. Siku ya kwanza nililia dakika zote trente. Hakuna mwenye aliniambia nyamaza, hakuna mwenye aliniambia Mungu atakupa mungine. Mwezi wa nne, tano, siku moja ya jeudi Hervé anarudi kutoka kazi na mishumaa mbili mu mufuko. Ye si Muyahudi, hajui kitu. Anaiweka ku meza, anasema, nimeona iko nafasi sasa. Na ilikuwa kweli, nafasi ilikuwa. Vendredi nikawasha." Akaweka bureka kwenye sinia. "Ku ukuta njo nilipata njia ya kurudi. Ungetaka nikuambie uongo, ningesema nilirudi mwenyewe."

Uma ulikuwa umesimama.

"Nilikuambia vile? Mungu atakupa mungine?"

"Ndiyo."

"Mi pia waliniambia vile. Nilikuwa na wawili mbele yako, hawakufika." Alisema kama anayesoma kitu kwenye karatasi ya mtu mwingine. "Hatukuikala matanga. Sikuuliza kama inawezekana kuuliza."

Sephora alitaka kumshika mkono, lakini ule mkono ulikuwa umeshanyanyuka, unafuta unga mezani.

Jua lilikuwa linateremka nyuma ya majengo ya hospitali. Maman Fortunée alivua aproni, akafunga kitambaa kichwani, akaweka mishumaa miwili. Waliwasha. Walivuta mwanga kwa mikono mara tatu, wakafunika macho, wakasema baraka pamoja, kwa Kiebrania chao chenye sauti ya Lubumbashi, na bibi alipofunua macho aliyaacha kidogo juu ya binti yake, akaona kwamba yeye bado amefunika, na midomo inaendelea.

Walipoketi, Maman Fortunée alivuta pumzi.

"Bon. Sikiliza. Dimanche nitakuya. Nitaikala mu salon, mu chumba yenu siingie. Ile jiwe, mukiipandisha, mi siione, siulizwe, siionyeshwe. Mutoto mutaniletea hapa ku magoti, nitamupa jina. Njo yote minaweza, Sephora. Usinivute tena."

Ilikuwa nyingi. Sephora alijua ni kiasi gani. Alichokuwa amekifuata Jette alikuwa amekipata, chote, kimewekwa mezani karibu na mkate, na mtu mwenye busara angesema merci, maman, akamega. Hervé angeambiwa kwa simu Jumamosi jioni na angeruka kwa furaha. Maman Mujinga angevaa kitenge chake cha sherehe, aje kusimulia wageni jinsi yeye alivyopatanisha familia.

Lakini kulikuwa na jambo moja, na lilikuwa jambo la watu wa Rhodes wenyewe, si la Wajapani. Angelinyamazia, Jumapili jina lingepita mahali lisipopaswa kupita, na yeye peke yake ndiye angejua.

"Maman. Ule wa kwanza alikuwa mwanamuke."

"Nani?"

"Mwenye alienda. Hukuuliza, na mi sikusema. Nilimubeba saa moja, nilimuona. Alikuwa binti."

Maman Fortunée alimtazama. Haikumchukua muda kuelewa, kwa sababu hesabu hiyo alifundishwa tangu utotoni. Mjukuu wa kike wa kwanza. Si wa pili. Hakuna anayerukwa.

"Donc," alisema, akaishia hapo.

"Donc jina ilikuwa yake. Siwezi kuitwaa dimanche na kumupa mudogo kama vile mukubwa hakukuwa. Huyu umupe, maman, sikukatalie, minakuomba umupe. Lakini kwanza muite ule. Mara moja tu. Hapa, shiye babili, hakuna mwenye atasikia. Muite Fortunée, ayue ulimuhesabu."

Bibi aliweka viganja vyote viwili mezani. Kulitamka jina lake mwenyewe, yeye akiwa hai, juu ya mtoto aliyekufa, hakuna aliyemfundisha kwamba inafanywa, wala kwamba haifanywi. Alitazama mlango, kana kwamba kuna mtu angeingia na kumwambia. Océane aliamka, akageuza kichwa huku na huku kifuani mwa mama yake, na Sephora akafungua vifungo akampa titi bila kuangalia, maana macho yake yalikuwa kwenye midomo ya mama yake, iliyofunguka kidogo, ikajifunga, ikafunguka tena.